Nguvu ya Nuru: Jinsi Inavyopimwa na Faida ya Kuipima

Tuseme katika kijiji kimoja wazazi wamechanga fedha ili shule yao ipate taa, watoto wa darasa la juu wapate kusoma usiku kabla ya mtihani. Fedha zatosha taa moja tu. Mwenye duka analeta taa mbili, anaziwasha mbele ya wazee, moja kwanza, kisha ya pili. Jumbe asema ya kwanza ndiyo yenye nuru kubwa. Mwalimu asema, La, ni ya pili. Mwenye duka yeye aisifu ile yenye bei kubwa. Je, nani ajuaye kweli? Kila mmoja ameona kwa macho yake mwenyewe, wala hapana aliyekusudia kusema uongo. Walakini haiwezekani wote wawe na haki. Nao wakikosa, hasara si ya fedha tu, bali ni ya watoto watakaoinamia vitabu mwaka mzima katika nuru isiyotosha.

Katika somo hili twataka kuonyesha kwamba neno kama hilo halikatwi kwa ubishi, wala kwa umri wa msemaji, bali kwa kipimo. Nuru yaweza kupimwa kama vile unga upimwavyo kwa mizani na kitambaa kwa yadi. Tena twataka kueleza jinsi watu wenye elimu walivyoitumia nguvu ya nuru kupata habari za mambo makubwa, tangu majani ya mimea hata nyota za mbali. Mwalimu asomaye ataona kwamba majaribio tuliyoyaandika hayataki vyombo vya gharama. Mshumaa, taa, fimbo na karatasi nyeupe vyatosha.

JICHO NI SHAHIDI WA NAMNA GANI

Kwanza yatupasa kuijua tabia ya jicho. Mtu atokaye juani saa sita mchana na kuingia nyumbani huona giza kwa muda kidogo, kisha huona vyema kila kilichomo. Ukimwuliza, atasema kwamba ndani mna nuru pungufu kidogo kuliko nje. Lakini kwa kipimo, nuru ya nje yaweza kuizidi ile ya ndani mara 1,000. Jicho halikumwambia hayo, kwa sababu kazi yake si kupima bali ni kuona. Penye nuru kali mboni hujifunga hata upana wake ukawa milimita 2 hivi. Penye giza hufunguka ikafika milimita 7 au 8. Zaidi ya hayo, utando ulio nyuma ya jicho, ndio upokeao nuru, nao hujibadilisha. Gizani hupata ukali polepole, na badiliko hilo huchukua nusu saa au zaidi hata likamilike. Mlinzi wa shamba alijua jambo hili: akiukodolea macho moto wake, hataona nguruwe mwitu aliye kando ya mihogo.

Kwa hiyo jumbe na mwalimu wa mfano wetu hawakudanganya. Taa ya kwanza iliwashwa wakati macho yao yakiwa katika hali moja, na ya pili wakati yakiwa katika hali nyingine. Walitumia kipimo ambacho urefu wake hubadilika kila kinaposhikwa.

Hata hivyo jicho lina uwezo mmoja ulio wa kuaminika. Haliwezi kusema nuru hii yaizidi ile mara ngapi. Lakini likionyeshwa nuru mbili kwa wakati mmoja, kando kwa kando juu ya karatasi moja, laweza kusema, Hizi ni sawa, au, Hizi si sawa. Ni kama mkono na mizani. Mkono haujui ratili tano wala ratili sita, bali mtu yeyote aweza kuona kama mikono ya mizani imelingana. Basi siri yote ya kupima nuru ni hii: tusilitake jicho likadirie, bali tulitake lilinganishe.

Mtu wa kwanza aliyeifuata njia hiyo kwa utaratibu wa kielimu ni Mfaransa Pierre Bouguer, aliyezaliwa mwaka 1698 na kufa mwaka 1758. Kitabu chake kuhusu nuru kilitoka mwaka 1729. Hakuwa na umeme wala mashine yoyote. Kilinganishi chake kilikuwa mshumaa. Alililinganisha jua na mshumaa, kisha akaulinganisha mwezi mpevu na mshumaa, ndipo akapata kwamba nuru ya jua yaushinda mwezi mpevu kadiri ya mara 300,000. Vyombo vya siku hizi vyasema ni mara 400,000 hivi. Ni nani angalikadiria hesabu hiyo kwa kutazama tu? Katika mwangaza wa mwezi twatembea njiani, twatambuana nyuso, watoto wacheza uwanjani. Jicho latuambia kwamba mwezi ni jua dogo. Kumbe ni sehemu moja tu katika sehemu laki nne.

KANUNI YA UMBALI

Jambo la pili ni kujua jinsi nuru ipunguavyo kwa umbali. Wengi hudhani kwamba ukisogea mbali na taa mara mbili, nuru hupungua nusu. Sivyo. Jaribu hivi. Kata karatasi ngumu iwe mraba wa inchi 3 kila upande. Isimamishe futi 1 kutoka mshumaa, na nyuma yake, futi 2 kutoka mshumaa, simamisha ubao. Pima kivuli: kila upande utakuwa inchi 6, maana yake kivuli kimeenea mahali patoshapo karatasi 4 kama ile. Usogeze ubao hata futi 3 kutoka mshumaa, na kila upande wa kivuli utakuwa inchi 9. Hapo zaenea karatasi 9.

Sasa ondoa karatasi. Ile nuru iliyokuwa ikizuiwa na karatasi moja yafika ubaoni, lakini yalazimika kuenea mahali pa karatasi 4, au 9. Nuru haikuongezeka njiani; imegawanywa tu, kama uji wa chungu kimoja ukigawiwa wageni wengi. Kwa hiyo umbali ukiwa mara mbili, nuru ipokewayo ni robo; ukiwa mara tatu, ni sehemu moja ya tisa; ukiwa mara nne, ni sehemu moja ya kumi na sita. Kanuni hii ilielezwa na Mjerumani Johannes Kepler katika kitabu chake cha mwaka 1604. Hufuatwa na nuru ienezwayo pande zote kutoka mahali padogo, kama utambi au nyota. Tochi yenye kioo cha kuikusanya nuru haiifuati kwa karibu, wala dirisha pana.

Wenye nyumba na waangalie faida yake. Taa iliyotundikwa darini, futi 8 kutoka kitabu, ikishushwa na kuwekwa mezani futi 2 kutoka kitabu, itakipa kitabu nuru mara 16, kwa mafuta yale yale au kwa umeme ule ule. Hakuna biashara duniani iletayo faida ya namna hiyo pasipo mtaji. Wako wazazi wanunuao taa ya pili, wakati ambapo kamba fupi na msumari mmoja vingaliwatosha.

KIPIMO CHA VIVULI

Sasa turudi kwa wale wazee na taa zao mbili. Njia ya kukata shauri lao ilitungwa na Benjamin Thompson, aliyezaliwa Marekani mwaka 1753 na kujulikana baadaye kwa jina la Count Rumford. Alipokuwa akifanya kazi München, katika nchi ya Ujerumani, alitaka kujua jinsi ya kutia nuru katika nyumba kubwa walimofanya kazi maskini, kwa gharama iliyo ndogo. Yaani shida yake ilikuwa moja na shida ya shule yetu. Habari za kipimo chake zilichapishwa mwaka 1794.

Fanya hivi. Usiku, katika chumba kisicho na nuru nyingine, simamisha karatasi nyeupe ukutani. Mbele yake, kadiri ya inchi 3, simamisha fimbo nyembamba. Weka mshumaa upande wa kushoto na taa upande wa kulia, vyote vikiielekea karatasi kwa mshazari ulio sawa. Utaona vivuli viwili vya fimbo. Kivuli kinachofanywa na mshumaa hupata nuru ya taa peke yake, na kivuli kinachofanywa na taa hupata nuru ya mshumaa peke yake. Ikiwa kimoja ni cheusi kuliko kingine, nuru zilizofika karatasini hazikulingana. Basi isogeze taa nyuma au mbele, polepole, mpaka vivuli vyote viwili viwe na weusi ulio sawa, na ikiwezekana viguse kando kwa kando. Hapo pima umbali wa mshumaa hata karatasi, na umbali wa taa hata karatasi.

Tuseme mshumaa uko futi 2 na taa ya chemli iko futi 4. Umbali wa taa ni mara mbili ya umbali wa mshumaa. Na kwa kanuni tuliyoieleza, mara mbili kwa mara mbili ni nne. Kwa hiyo chemli ina nguvu ya mishumaa 4. Kama taa nyingine yalingana na mshumaa ikiwa futi 6, yaani mara tatu, basi ina nguvu ya mishumaa 9. Jumbe na aone, mwalimu na aone, na mwenye duka naye aone. Hapana haja ya kugombana.

Mwalimu azingatie mambo matatu: utambi wa mshumaa ukatwe vizuri, usitoe moshi; upepo usiingie; na jaribio lifanywe mara tatu, kisha hesabu zichanganywe na kugawanywa kwa tatu, maana kipimo cha mara moja huweza kukosewa.

MSHUMAA WA SHERIA

Lakini mtu mwenye busara atauliza, Mshumaa upi? Maana iko mishumaa minene na myembamba, ya nta na ya mafuta. Swali hilo liliwasumbua watu wa Ulaya hasa walipoanza kununua gesi ya kuwashia taa za miji. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1860 iliamuru kwamba mshumaa wa kipimo uwe wa mafuta magumu yatokayo katika kichwa cha aina ya nyangumi, uzito wake uwe sehemu ya sita ya ratili, nao uungue kwa kadiri ya grini 120 kila saa. Mataifa mengine yalikuwa na taa zao za kipimo, na wataalamu wa nchi mbili walipoandikiana hawakuelewana vizuri, kama wafanya biashara wawili wenye pishi mbalimbali.

Mwaka 1948 mkutano wa mataifa wa mambo ya vipimo ulikubali kipimo kimoja kiitwacho kandela, na mwaka 1979 maana ya kandela ikawekwa upya ili itegemee nishati ya nuru yenyewe. Hata hivyo ukubwa wake haukutoka mbali na asili. Mshumaa wa kawaida bado unatoa nuru ya kandela moja hivi. Nuru ipokewayo juu ya karatasi iliyo mita 1 kutoka kandela moja huitwa luksi moja. Ili wasomaji wapate kukisia, twaandika hapa kiasi cha nuru ya mahali mbalimbali:

Mwezi mpevu ulio juu sana: robo ya luksi hivi.
Mshumaa mmoja kwa mita 1: luksi 1.
Chumba cha kusomea kilichotiwa nuru vizuri: luksi 300 hata 500.
Jua la mchana pasipo mawingu: luksi 100,000 hivi.

Tazama mstari wa pili na wa tatu. Mtoto asomaye mita moja kutoka mshumaa au kibatari yu mbali sana na nuru ifaayo. Akisogea hata nusu ya mita hupata luksi 4; akisogea zaidi hupata moshi na hatari ya moto. Ndiyo maana twasema kwamba kibatari si taa ya shule, hata kikiwa ndicho kilichopo.

NYOTA ILIYO MBALI NA NYOTA ILIYO DHAIFU

Msafiri wa usiku aonaye mwanga mdogo mbele yake hujiuliza: je, huu ni moto mdogo ulio karibu, au ni moto mkubwa ulio mbali? Jicho haliwezi kumjibu. Lakini kama angalijua hakika kwamba ni moto wa mishumaa 100, angaliweza kuipima nuru imfikiayo, na kwa kanuni ya umbali akapata idadi ya hatua zilizobaki. Wataalamu wa nyota walikuwa katika shida hiyo hiyo kwa miaka mingi. Waliweza kupima nuru ya nyota kama inavyofika hapa duniani, lakini kwa nyota za mbali sana hawakujua nguvu yake ya asili, kwa hiyo hawakujua umbali wake.

Aliyewapa ufunguo ni mwanamke wa Marekani, Henrietta Leavitt, aliyekuwa mfanya kazi katika nyumba ya kutazamia nyota ya Chuo cha Harvard, kwa mshahara wa senti 30 za Marekani kwa saa. Kazi yake ilikuwa kuchunguza picha za nyota zilizopigwa juu ya vioo, na kulinganisha nuru ya nyota moja na nyingine, kioo baada ya kioo. Picha nyingi alizozitumia zilipigwa Arequipa, katika nchi ya Peru, nazo zilionyesha mawingu mawili ya nyota yaitwayo Mawingu ya Magellan. Wasomaji wetu wa Tanzania waweza kuyaona wenyewe: katika miezi ya mwisho wa mwaka, usiku usio na mwezi wala taa, watazame upande wa kusini, si juu sana, nao wataona mabaka mawili yenye weupe hafifu.

Mwaka 1908 bibi huyo alichapisha orodha ya nyota 1,777 katika mawingu hayo, ambazo nuru yake huongezeka na kupungua. Mwaka 1912 alieleza habari za nyota 25 za wingu lile dogo, zenye zamu ya kuwaka na kufifia kuanzia siku moja na robo hata siku 127. Akaona jambo la ajabu: kadiri zamu ya nyota ilivyo ndefu, ndivyo nuru yake ilivyo kubwa. Na kwa kuwa nyota hizo zote zimo katika wingu moja, umbali wake kutoka kwetu wakaribia kuwa sawa. Kwa hiyo ile ionekanayo kuwa na nuru kubwa ndiyo yenye nuru kubwa kweli. Basi tangu hapo mtu aliweza kuhesabu siku za nyota ya namna hiyo na kuijua nguvu yake, kama mtu ajuaye taa kwa alama ya kiwanda. Wengine walipokwisha kupima umbali wa baadhi ya nyota za namna ile zilizo karibu, ufunguo ukawa tayari.

Bibi Leavitt alifariki mwaka 1921. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1923, Edwin Hubble, akitumia darubini kubwa ya mlima Wilson huko California, alipata nyota ya namna ile katika wingu la Andromeda. Zamu yake ilikuwa siku 31 hivi. Nuru yake ilikuwa hafifu mno, na hesabu ikaonyesha kwamba haiwezi kuwa ndani ya kundi letu la nyota, bali iko mbali nje yake. Leo tunajua kwamba nuru itokayo Andromeda husafiri miaka kadiri ya milioni mbili na nusu hata itufikie. Hivyo upana wa ulimwengu ulianza kujulikana kwa mtu kuketi na kulinganisha nuru na nuru kwa subira.

NURU NYINGI NA NURU YENYE NGUVU SI KITU KIMOJA

Hata hivyo wataalamu nao walipata kushangazwa. Mwaka 1887 Mjerumani Heinrich Hertz aliona kwamba nuru ya namna fulani yaweza kuamsha umeme katika chuma. Baadaye ikajulikana kwamba nuru hung'oa vijidudu vya umeme viitwavyo elektroni kutoka juu ya madini. Wote walitazamia kwamba nuru ikiwa kali zaidi, elektroni zitaruka kwa mwendo mkubwa zaidi, kama vile mawimbi makubwa yarushavyo kokoto mbali ufukoni. Lakini mwaka 1902 Philipp Lenard alipima, akaona sivyo. Nuru ya rangi ile ile ikiongezwa ukali, elektroni huwa nyingi zaidi, lakini mwendo wake hauongezeki hata kidogo. Tena kwa madini kama zinki, nuru ionekanayo kwa macho, hata ikiwa kali namna gani, haing'oi kitu. Bali miale isiyoonekana, iliyo mbele ya rangi ya zambarau, hung'oa hata ikiwa hafifu.

Mwaka 1905 Albert Einstein alitoa maelezo. Alisema kwamba nuru hufika kwa mafungu madogo madogo, na nguvu ya kila fungu hutegemea rangi yake, si wingi wake. Mfano wake ni huu. Watoto mia moja wakitupa kokoto kwenye nazi iliyo mnazini, nazi haitaanguka, ijapokuwa kokoto ni nyingi kama mvua. Mtu mmoja akitupa rungu moja zito, nazi yaanguka. Kuongeza ukali wa nuru ni kuongeza idadi ya watupaji. Kubadili rangi ni kubadili kile kitupwacho. Robert Millikan wa Marekani hakuyaamini maneno hayo, akafanya majaribio kwa miaka mingi akidhani atayavunja. Na mwaka 1916 matokeo yake mwenyewe yakaonyesha kwamba hesabu ya Einstein ni ya kweli. Aliyachapisha kama yalivyokuwa. Hiyo ndiyo heshima ya elimu, kwamba mtu akubali kipimo hata kikimshinda.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mabamba ya jua, yaliyo juu ya mabati ya nyumba nyingi vijijini siku hizi, hufanya kazi kwa elektroni zinazofunguliwa na nuru. Bamba la kwanza la silikoni lenye nguvu ya kufaa lilionyeshwa Marekani mwaka 1954. Kwa kuwa ukali wa nuru ndio utoao idadi ya elektroni, umeme hupungua nuru ipunguapo. Anunuaye bamba lililoandikwa wati 100 ajue kwamba hesabu hiyo ni ya jua kali la wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba, na bamba likiwa halina joto jingi. Siku ya mawingu mazito, nuru ikiwa sehemu ya tano, asitazamie zaidi ya wati 20. Na kivuli cha tawi moja la mwembe, au vumbi la kiangazi, huweza kumpotezea umeme alioulipia.

NURU NA MIMEA

Mkulima naye ana sehemu yake. Majani hutumia nuru kutengeneza chakula cha mmea kutoka maji na hewa. Je, nuru ikizidi, chakula nacho huzidi daima? Mwaka 1905 Mwingereza F. F. Blackman alieleza kwamba kazi ya jani hufuata kile kilicho haba. Penye giza, nuru ndiyo iliyo haba, na ukiiongeza kazi huongezeka. Lakini nuru ikisha kutosha, kinachozuia ni hewa au joto, na kuongeza nuru hakuleti kitu.

Mimea nayo haina kiasi kimoja. Mahindi na mtama huendelea kupata faida hata katika jua kali kabisa, bali maharagwe hutosheka mapema zaidi. Mbuni asili yake ni mti wa chini ya misitu ya Ethiopia, na majani yake hutosheka kwa sehemu ndogo ya jua la mchana. Wakulima wa Kilimanjaro wapandao kahawa chini ya migomba hawakosi akili. Wameipa kahawa nuru iliyoizoea. Lakini apandaye mahindi chini ya kivuli hicho hicho atavuna mabua.

ONYO KUHUSU JUA

Kabla ya kumaliza twapenda kuwaonya walimu. Jua likipatwa, watoto hutamani kulitazama, kama ilivyokuwa Septemba 1, 2016, lilipopatwa mfano wa pete kule Rujewa, kusini mwa Tanzania. Nuru iliyoenea mahali hupungua, na jicho hudhani kwamba hatari imepungua. Lakini kipande cha jua kilichobaki kina ukali ule ule kwa kila sehemu yake, nacho huuchoma utando wa jicho mahali kinapoangukia, wala mtu hasikii maumivu. Basi mtoto asilitazame jua kwa macho matupu, wala kwa miwani ya kawaida, wala kwa kioo kilichopakwa masizi. Toboa tundu dogo katika karatasi, ulipe jua mgongo, na utazame sura yake juu ya karatasi nyingine.

MWISHO

Sasa wale wazee wetu wa kijijini na wafanye hivi. Wasiulize ni taa ipi inayong'aa machoni, wala ni ipi yenye bei. Wazipime zote mbili kwa kivuli cha fimbo usiku mmoja. Kama ni taa za umeme, wasome pia idadi ya lumeni kwenye sanduku, ambayo ndiyo hesabu ya nuru yote itokayo. Wati ni hesabu ya umeme uliwao tu, na taa mbili za wati sawa zaweza kutofautiana sana kwa nuru. Wakisha kuchagua, waitundike chini kadiri iwezekanavyo, juu ya meza na si darini. Hapo watoto watapata nuru, na fedha za wazazi zitakuwa zimetumika kwa haki.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Taa iko futi 3 kutoka kitabu. Ikisogezwa hata futi 9, kitabu kitapata sehemu gani ya nuru ya kwanza?
2. Mshumaa ulio futi 2 na taa iliyo futi 10 vyafanya vivuli vilivyo sawa. Taa ina nguvu ya mishumaa mingapi?
3. Kwa nini si haki kulinganisha taa mbili kwa kuiwasha moja baada ya nyingine?
4. Nyota mbili zina nguvu sawa ya asili. Moja yaonekana kuwa na nuru sehemu ya mia ya nyingine. Ile hafifu iko mbali mara ngapi?

Majibu ya hesabu: la kwanza, sehemu ya tisa, la pili, mishumaa 25, la nne, mara 10. Jibu la tatu mwanafunzi alieleze kwa maneno yake mwenyewe.